Ka-ka-ka ndani ya pantoni

Kwenye pantoni ya Kigamboni, hapa Dar es Salaam, hupangi gari unavyotaka wewe. Kijana wa kivuko anakuelekeza kwa mkono, kata, kata, kata yote, njoo, mpaka bampa yako inakaribia kugusa ya mwenzako. Jumamosi ile aliniambia nikate kushoto hadi mwisho. Nikakata, nikakanyaga mafuta kidogo, na chini ya gari upande wa kulia ukatoka mlio: ka-ka-ka-ka-ka. Pantoni ni chuma kitupu, sakafu chuma, kuta chuma, basi mlio ukarudi mara mbili. Kijana akainama akatazama gurudumu langu, akanyanyuka.

“Dada, gari linaumwa hili.”

Mimi napika keki za sherehe. Siku hiyo nilikuwa na keki ya ghorofa tatu ya sendofu: ghorofa mbili za chini zimo kwenye buti, kila moja na sanduku lake, ya juu ameipakata binti yangu kiti cha mbele. Akanitazama bila kusema kitu. Nilijua anauliza kama tutafika.

Tulifika. Ila njia nzima kutoka Magogoni, upande wa pili wa kivuko, hadi ukumbini nilikata kona kama ninayemvusha mgonjwa kitandani, na kila kona nilisubiri ule mlio. Anayebeba keki huwa anazisikiliza kona kuliko dereva mwingine yeyote. Tuta unaliona kwa mbali, unapunguza mwendo, linapita. Kona ndiyo inayosukuma siagi na sukari upande mmoja, na ukishaikosea huna la kufanya. Kwa hiyo sikuweza kujifanya sijasikia.

Gari lenyewe ni Toyota Carina TI ya mwaka 1999, otomatiki, niliyoachiwa na kaka yangu alipohamia Mwanza. Kaka alikuwa mtu wa lami. Mimi nakaa ndani Kibada, na kutoka lami hadi getini kwangu ni mchanga, kiangazi unazama, masika ni madimbwi. Namwambia msomaji mapema ili asije akadhani naisema vibaya Carina. Gari hilo limenisomeshea mtoto. Lililoharibika liliharibiwa na mchanga, pamoja na mimi kutolitazama chini hata siku moja kwa miaka minne.

Nikikumbuka vizuri, mlio ulianza wiki kadhaa kabla ya siku ya pantoni. Nilikuwa nausikia nikigeuza kuingia uani, kidogo tu, tik, tik, nikadhani ni kokoto zimenasa kwenye tairi. Baadaye nikausikia nikigeuza pale sokoni, kwenye lami safi isiyo na kokoto hata moja. Hapo ningepaswa kushtuka. Nikasema nitapeleka mwisho wa mwezi.

Gereji ya kwanza niliyokwenda ina mafundi wengi na kazi nyingi. Nikamweleza kijana: gari linalia nikikata kona. Akapandisha jeki gurudumu la kulia, akalishika juu na chini akalitikisa, akalishika kushoto na kulia akalitikisa tena, akaingiza bisibisi sehemu mbili tatu. Akasema linki za stabilaiza, vile vyuma vinavyopunguza gari kulala kwenye kona, zimekwisha zote mbili na boljointi ya kulia, kiungo kinachoshika gurudumu, imeanza kucheza. Alinionyesha, na kweli zilikuwa zinacheza, sikudanganywa. Spea na ufundi vikafika shilingi 140,000. Nilipotoka, tuta la pale nje ambalo zamani lilikuwa likigonga gari likapita kimya. Nikafurahi. Mita hamsini mbele nikakata kona ya kuingia barabarani: ka-ka-ka-ka.

Nikarudi. Safari hii akaniambia basi ni shokapu, tubadilishe pea nzima. Nikamshukuru nikaondoka.

Nimelifikiria sana jambo lile, kwa sababu pesa ile ilikuwa ya unga na mayai ya wiki mbili. Yule kijana hakuwa mwizi. Alikuta kitu kibovu akakibadilisha. Ila kitu kibovu alichokikuta sicho kilichokuwa kinalia, na hakuwahi kulisikia gari likilia. Alilikagua limesimama, tena limening'inia kwenye jeki, na gari langu lilikuwa linalia likitembea tu. Gari kuukuu halikosi kitu cha kubadilisha. Ukianza kubadilisha kabla hujausikiliza mlio, utamaliza gari zima na mlio utaubakiza.

Jirani yangu akanielekeza kwa mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mwarobaini, huku huku Kigamboni, hana kibao wala geti. Nilimkuta anaosha spana kwa mafuta ya taa.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba mwanangu. Gari linasemaje?”

Nikaanza kumwambia habari za linki na boljointi. Akaninyamazisha kwa mkono, kwa upole. “Hayo ya mafundi. Nakuuliza gari linasemaje.”

Nikamuigizia mlio. Akauliza: likiwa limesimama ukazungusha usukani, linalia? Hapana. Likitembea umenyoosha? Hapana. Ukipita tuta? Sasa hivi hapana. Kona ya upande gani? Nikasema zote, halafu nikasita, nikasema zaidi kushoto. Akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: “Ukiwa katikati ya kona ukaachia mafuta, mlio unabaki au unakatika?” Nilikuwa nimeendesha na mlio ule wiki kadhaa na sikuwahi kuangalia hilo.

Tukaenda uwanja wa mpira ulio karibu, saa nne asubuhi, hauna mtu. Akaniambia nikate kushoto hadi mwisho na nizunguke taratibu, duara moja baada ya jingine, yeye akatembea kando yangu mkono wake ukiwa juu ya madigadi. Nilipokanyaga mafuta mlio ulitoka mzima, na nilipoongeza mwendo kidogo ukaongezeka haraka yake, ka-ka-ka ikawa kakakaka. Nilipoachia mafuta, gari likiendelea kuzunguka kwa nguvu zake lenyewe, mlio ukafifia hadi kuwa kama saa ya ukutani. Nikakanyaga tena, ukarudi. Tukafanya duara za kulia: ulikuwepo, ila mdogo. Tukafanya rivasi. Tukanyoosha: kimya.

Alisema maneno haya, nami nimeyaandika kwenye daftari langu la oda: “Kinacholia kwa kufuata mzunguko kiko kwenye gurudumu au kwenye shafti. Kinacholia ukikanyaga, kinabeba nguvu ya injini. Kinacholia kwenye kona tu, kinapinda. Kitu kinachozunguka, kikabeba nguvu, halafu kikapinda, hapo mbele ni kimoja.”

Ni sivi jointi, kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu.

Na kwa kuwa kona ya kushoto huuegemeza uzito wa gari upande wa kulia, alisema ataanza na ya kulia. Akaongeza kwamba sauti hudanganya upande, chuma huipeleka inakotaka, kwa hiyo haagizi spea mpaka atazame kwa macho.

Alipandisha jeki, na hili naomba mlisome vizuri, hakuingia chini ya gari likiwa juu ya jeki. Aliweka stendi ya chuma, akaweka na gogo la mnazi chini ya chesesi, akalisukuma gari kwa bega kuona kama litatikisika. Ndipo akaniita. Nyuma ya gurudumu, pale shafti inapoingia, kuna raba nyeusi yenye mikunjo kama ya kodiani. Mafundi wengine huiita raba buti. Yangu ilikuwa imepasuka kwenye mkunjo wa pili, mpasuko wa urefu wa kidole. Grisi yote ilikuwa imerushwa nje kwa mzunguko. Ilikuwa imepiga duara jeusi ndani ya rimu, imepaka shokapu, imepaka hadi mpira wa breki. Akanipa kidogo kidoleni. Ilitakiwa kuwa laini kama siagi iliyokaa mezani. Ile ilikuwa inakwaruza: mchanga wa Kibada umo humo humo.

Raba ile peke yake, kama ningeiona mapema, ingenigharimu shilingi 12,000 na grisi yake.

Jinsi chombo kile kinavyofanya kazi nilieleweshwa siku hiyo hiyo, na tangu hapo nakistahi. Shafti inatoka kwenye gia boksi inapeleka nguvu gurudumuni. Gurudumu la mbele linapanda na kushuka, tena linakata kushoto na kulia, na nguvu lazima iendelee kufika bila kushtuka, kwa mwendo ule ule. Ndani ya kikombe cha chuma kuna gololi sita, zimeshikwa na kizimba, kila moja ina mfereji wake. Ukinyoosha, gololi zinatulia mahali pamoja. Ukikata kona, kila gurudumu likizunguka mara moja, kila gololi inakwenda na kurudi ndani ya mfereji wake. Aliyebuni mtindo huo ni Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, miaka ya 1920, na karibu kila gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele leo linatembea kwa gololi hizo hizo. Grisi ikitoka na mchanga ukaingia, mifereji inachimbika. Gololi ikifika kwenye kishimo inadondoka na kugonga, inayofuata inagonga, na ya tatu. Ndiyo ka-ka-ka. Ukinyoosha zinatulia, mlio unapotea, nawe unasema gari limepona.

Nilimuuliza ningeweza kwenda nalo hivyo muda gani. Akasema wapo wanaokwenda miezi. Halafu akaniuliza, “Pantoni unapanda maji yakiwa yamekupwa?” Napanda, na mteremko wa kuingilia siku hizo ni mkali. Akanieleza: siku jointi ikikatika, injini itaunguruma na gari halitasogea, nguvu yote itakimbilia upande uliokatika. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba gari otomatiki ukiweka P, kinacholizuia ni gia boksi kupitia shafti hizo hizo. Shafti ikiwa imekatika, P haizuii kitu. Gari litateremka, na mimi nitakuwa nimeshuka kupanga masanduku yangu nyuma yake. Tangu siku hiyo navuta breki ya mkono kila ninaposimama, hata tambarare, na binti yangu nimemfundisha hivyo.

Spea nilifuata mwenyewe Gerezani, mtaa wa maduka ya spea mjini. Mzee alikuwa ameshaifungua jointi ya zamani, akaifunga kwenye gazeti, akaniambia nisinunue kwa jina la gari, ninunue kwa meno. Sikuelewa mpaka nilipofika dukani. Muuzaji aliponisikia nasema Carina TI alishusha maboksi mawili yenye jina lile lile la gari. Nikatoa gazeti langu. Akatia alama ya chaki kwenye jino la kwanza la ya zamani, akahesabu kwa ncha ya bisibisi, meno ya nje yanayoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kisha meno ya ndani yanayopokea shafti. Akapima na duara linalokaa sili. Akaangalia kama ina bangili ya ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge ukipiga breki, yangu haina. Boksi la kwanza lilikuwa sawa meno ya nje, meno ya ndani halikulingana. Ningelibeba nikarudi Kigamboni ningekuwa nimepoteza siku na nauli. La pili likakubali kila kitu. Shilingi 60,000, jointi mpya na raba yake, pakiti ya grisi, bangili za kufungia, klipu na nati mpya. Zipo za mtumba kutoka Japani, shafti nzima, na mafundi wengi wanazisifu kuliko mpya za bei rahisi. Nami naona wana hoja, mradi ukunje na kuzungusha kwa mkono mbele ya muuzaji usikie kama inakwama, na uitazame raba yake mkunjo kwa mkunjo.

Kufunga ilichukua kama saa mbili na nusu, na nilikaa pale muda wote kwenye kigoda. Nati kubwa ya katikati aliilegeza gurudumu likiwa bado chini, mimi nimekanyaga breki. Alichomoa pini, akaingiza soketi ya 30, akavika bomba refu kwenye mpini akaegemea. Nati ikalia kwa uchungu ikaachia. Ndipo jeki, stendi, gogo, gurudumu likatoka. Akafungua boljointi pale inaposhikana na mkono wa chini, bolti moja na nati mbili, akaivuta habu nje huku akigonga kichwa cha shafti kwa nyundo ya mpira. Shafti nzima hakuitoa, kijana wake aliishikilia isivutike upande wa gia boksi, oili isimwagike.

Alipoichukua ile jointi ya zamani akaifungua kabisa nione, hakuwa na sababu ya kufanya hivyo ila wema. Akainamisha kizimba, akadokoa gololi moja moja kwa bisibisi na kuzipanga kwenye kifuniko cha kopo. Tatu zilikuwa zinang'aa. Tatu zilikuwa na madoa kama ya kutu, na moja kati ya hizo imechubuka upande. Akanipa kikombe. “Pitisha kucha.” Nikapitisha kucha ndani ya mfereji, ikateleza, ikateleza, ikatumbukia. Kishimo chenyewe ni kidogo, punje ya mtama haiingii. Ndicho kilichokuwa kinapiga kelele pantoni nzima.

Mambo mawili ya ufungaji yalinikaa. Kabla ya kupitisha raba mpya alizungushia meno ya shafti tepu ya umeme, kwa sababu meno yale ni makali na yanaikata raba kwa ndani, mteja anaondoka na raba mpya ambayo imeshaanza kupasuka. Na kabla ya kukaza bangili ndogo alipenyeza bisibisi nyembamba chini ya mdomo wa raba akatoa hewa, isije ikavimba au kunywea ikikunjwa. Grisi aliitia yote, nusu ndani ya gololi hadi ikajitokeza, nusu ndani ya raba. Mwisho akakaza nati na kuweka pini mpya. Nimeshaona mahali wanaweka msumari uliokunjwa. Usikubali, hiyo pini ndiyo inayozuia nati ya gurudumu isijifungue.

Ufundi shilingi 25,000. Tukarudi uwanjani, duara kushoto, duara kulia, kioo kimeshushwa. Nilisikia mchanga chini ya tairi na kuku wa watu. Nililia kidogo, sioni sababu ya kuficha.

Tangu hapo watu wangu wananiuliza, kwa kuwa nimejifunza kuuliza yale maswali ya mzee. Si kila mlio wa kona ni sivi jointi, na sipendi mtu asome hapa akakimbilie Gerezani. Wifi yangu ana Noah la zamani, lilikuwa linaguna, mmmmm, akikata usukani hadi mwisho, hata gari likiwa limesimama. Limesimama: basi si shafti. Tukafungua boneti, kopo la oili ya stelingi lilikuwa chini kabisa ya alama ya baridi, na oili ina povu. Mpira mmoja ulikuwa unavuja kwenye bangili. Ulipokazwa na kopo kujazwa ATF, oili ya gia boksi otomatiki inayotumika pia kwenye stelingi, fundi alinyanyua magurudumu ya mbele akazungusha usukani mwisho hadi mwisho mara nyingi, injini imezimwa, kisha imewashwa, mpaka mapovu yakaisha. Mguno ukaondoka. Namwambia hadi leo asiubane usukani mwishoni zaidi ya sekunde chache, pampu inateseka. Kama badala ya mguno ungekuwa mlio mkali wa kupayuka, ningemwambia atazame kwanza mkanda wa pampu, huwa umelegea au umeng'aa kwa kuchakaa.

Jirani aliyenielekeza kwa mzee naye gari lake lilikuwa linavuma likishika kasi. Nilimpeleka Daraja la Nyerere, lami yake ni nzuri na ukiwa juu hakuna kelele nyingine za barabara. Barabara ikiwa tupu akayumbisha gari taratibu kushoto, uvumo ukapanda. Kulia, ukashuka. Beringi ya kulia. Hiyo haisubiri kona kali, inasikika hata kwenye kupinda kidogo, na inavuma badala ya kugonga.

Halafu kuna ule mshtuko wa “tung!” ukizungusha usukani gari limesimama, kama springi inaruka. Mwambie mwenzako azungushe, wewe fungua boneti uweke kiganja juu ya kichwa cha shokapu. Ukiisikia inaruka chini ya mkono wako, ni kile kiberingi cha maunti ya juu, pale shokapu inaposhikana na bodi, kimekwama. Kwenye hilo nina ombi moja kwa mafundi wote watakaosoma. Springi ile imebanwa kwa nguvu ya kuua mtu. Nimeona kijana anaifunga kwa waya na kamba za mpira wa tairi ili afungue nati ya juu. Kifaa cha kubania springi kipo, azimeni, kodini, lakini waya usitumike.

Na yapo ya bure. Mlio wa kukwaruza, kshhh, kila gurudumu linapozunguka, uliniogopesha miezi mitatu iliyopita hadi nikampigia mzee usiku. Asubuhi alilala ubavu, akapenyeza bisibisi kati ya diski ya breki na bati jembamba lililo nyuma yake, kikadondoka kijiwe. Akalikunja bati kidogo kwa kidole. Alikataa pesa, nikampelekea keki ya ndizi. Wakati mwingine ni plastiki ya ndani ya madigadi imelegea inagusa tairi ukikata, klipu moja inatosha. Na kabla ya yote nafungua buti langu nione kama jeki na spea taya zimefungwa, maana jeki ikiviringika kwenye kona inagonga kama kitu kikubwa kimevunjika.

Ila mlio wa kugonga ukija siku moja au mbili baada ya kuziba pancha, usizungushe gari uwanjani wala usinisubiri mimi. Simama hapo hapo ushike spana ya magurudumu. Nati zikilegea huwa zinagonga kwenye kona kwanza. Zikazwe kwa kupishana, ya juu kisha ya chini upande wa pili, si kwa kuzunguka duara, na uziangalie tena baada ya kutembea kidogo. Kwa Toyota ndogo kipimo chake cha nguvu ya kukaza ni Nm (nyutoni-mita) 103. Mtu mzima akikanyaga spana fupi kwa nguvu zote anapitiliza, na akikaza kwa mkono mmoja huku anaongea na simu hafiki.

Siku hizi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nakata usukani hadi mwisho gari likiwa limezimwa, nachuchumaa na tochi ya simu nyuma ya kila gurudumu la mbele, nafungua mikunjo ya raba kwa vidole. Ni dakika tano. Jumapili iliyopita raba ya kushoto, ambayo ni ya tangu enzi za kaka, nimeikuta ina nyufa nyembamba chini ya mkunjo wa kwanza. Bado haijapasuka, grisi iko ndani, hakuna duara jeusi kwenye rimu. Raba mpya nimeshanunua, iko jikoni kwenye kabati la mabati ya keki. Mzee ameniambia nimpelekee Alhamisi asubuhi, kwa sababu Ijumaa jioni nina keki ya ghorofa nne ya kuvusha.